Udongo wa Zizi la Babu

Nilipokuwa mtoto, kuzaliwa peke yake hakukutosha kumfanya mtu awe wa kwetu. Ilibidi atambulishwe kwa Babu. Babu alikuwa mume wa Bibi, baba wa baba yangu. Alikufa kabla sijazaliwa, akazikwa pembeni mwa mlango wa zizi la ng'ombe, mahali alipopachagua mwenyewe ili asikie mifugo ikitoka asubuhi na kurudi jioni. Bibi alizungumza naye kila siku, kama mtu anayezungumza na jirani aliye ng'ambo ya ua. Na alipozaliwa mtoto, kazi ya kumpeleka kwa Babu ilikuwa yake.

Sijui kama nyumba nyingine za kijijini zilifanya hivyo. Nasema ya kwetu tu. Kitovu kikishakatwa, Bibi alitoka kwenda kwenye mlango wa zizi, akainama, akakwangua udongo mweusi unaokanyagwa na kwato, samadi na ardhi zikiwa zimeshakuwa kitu kimoja. Aliuchambua kwa vidole, akatupa vijiwe na nyasi. Kisha aliuchanganya na samli kiganjani mpaka ukalainika kama mafuta ya kujipaka, akaingia nao ndani, akafunika kitovu cha mtoto na kukifunga kwa kipande cha kanga. Akataja jina la mtoto, akataja jina la Babu. Basi, mtoto amejulikana.

"Asiyepakwa," alikuwa akisema, "Mzee atamwona hapa uani na hatamjua. Siku moja atamtoa, kama unavyotoa ndama wa watu aliyejichanganya na wako."

Mimi sikupakwa. Mama alitoka upande wa Ikoma, na nikiwa tumboni baba yake alifariki, akaenda kuzika. Uchungu ukamkuta hukohuko. Nikazaliwa hospitalini Mugumu, na tuliporudi kwetu kitovu changu kilikuwa kimepona siku nyingi. Bibi alikitazama, akasema kitovu ni mlango, na huu umeshafungwa. Tangu siku hiyo akaniita Mgeni. Hakuniita hivyo kwa ubaya. "Mgeni wangu, njoo ule." "Mgeni wangu, niletee kile kibuyu." Lakini niliwasikia wanawake mtoni wakisema, huyu hakai. Kwa hiyo utotoni mwangu sikupita kwenye mlango wa zizi hata mara moja. Nilizunguka nyuma, kwenye miiba, nikachanwa miguu, ili Babu asinione.

Boma letu lilikuwa juu ya kilima, Tarime, na kutoka uani tuliona vumbi la magari ya mgodini. Baba alikuwa Kewanja akiponda mawe ya dhahabu, anakuja na kuondoka. Nyumbani tulibaki Bibi, Mama na mimi. Bibi alizungumza Kikurya, Mama alizungumza Kiikoma, wakakutana kwenye Kiswahili ambacho hakikuwa cha yeyote kati yao. Kilikuwa Kiswahili cha maneno machache. Nikiwakumbuka sasa naona walipendana kwa sababu hiyo, kwamba hawakuwa na maneno ya kutosha ya kugombana.

Mdogo wangu wa kwanza alizaliwa wakati wa kufukuza ndege kwenye mtama. Alikuwa mvulana mnene, mwenye sauti. Alipewa jina la Babu, Mwita, na Bibi alipotoka kwenda kukwangua udongo alikuwa akicheka peke yake. Nilisimama mbali nikamwona akiongea na kaburi. "Mzee, umerudi. Jina lako limerudi." Niliona wivu kidogo, nakiri, kwa kuwa huyu hakuwa mgeni hata kwa saa moja.

Siku za mwanzo alinyonya vizuri, mpaka Mama akalalamika kuwa anamuumiza. Halafu asubuhi moja akakataa ziwa. Hakulikataa kama anavyokataa mtoto aliyeshiba. Alilitaka, alikuwa na njaa, ila mdomo haukufunguka. Mama alijaribu kumkamulia maziwa kwenye midomo, yakatiririka shavuni. Mchana wake shingo ikakaza, kisha mgongo, mwili mzima ukapinda kwenda nyuma mpaka Mama akashindwa kumpakata. Na kila mlango ulipofunguliwa na mwanga ukaingia, au kuku alipolia nje, alikakamaa upya.

Basi tukaziba mlango kwa mablanketi mchana kweupe. Bibi alivua kengele shingoni mwa ng'ombe. Mimi nikapewa kazi ya kufukuza kuku na kunyamazisha mbwa. Nilifanya kazi ile kwa moyo wangu wote. Nilikaa uani na fimbo, jua likiniwakia, nikiamini kwamba kama nitaweza kuifanya dunia inyamaze kabisa, mtoto atapona.

Nilichungulia mara moja tu. Uso wake ulikuwa umevutika, midomo imetanuka pande zote, kama anayetabasamu. Bibi alikuwa ameketi karibu naye, akasema taratibu, "Mnaona? Anamchekea Babu yake." Wakati ule niliona ni jambo zuri. Leo najua ni ugonjwa unaovuta misuli ya uso, na kwamba mtoto anayeonekana kucheka vile anasikia kila kitu.

Alikufa kabla sijapata kumbeba mgongoni.

Bibi hakukubali kwamba ulikuwa ugonjwa wa kawaida. Alikuwa na jina lake kwa Kikurya, jina ambalo sitaliandika hapa, lenye maana kwamba mtoto amevutwa. Kwa Kiswahili tunaita pepopunda, na sidhani kama aliyebuni jina hilo alikuwa mbali sana na Bibi yangu. Wote wawili walimwona mtoto amekakamaa wakamtafuta aliyemshika. Bibi alimjua. Alikuwa amelala hapo mlangoni mwa zizi. Swali lake lilikuwa moja, kwa nini?

Jibu alilipata mwenyewe. Udongo aliouchukua ulikuwa wa juu. Mvua ilikuwa imeuosha, haukuwa na harufu ya Mzee.

Kwa hiyo Chacha alipozaliwa, mdogo wangu wa pili, Bibi hakukwangua. Alichukua jembe, akachimba ubavuni mwa kaburi, akafika kwenye udongo wa samadi ya zamani, ile ya ng'ombe ambao Babu aliwachunga akiwa hai. Ulikuwa mweusi kama makaa na laini. Aliuleta ndani kwa mikono miwili. Akaongeza na samli, akafunga vizuri zaidi, kitambaa juu ya kitambaa.

Chacha naye alikataa ziwa kabla ya wiki kuisha.

Watu wakiniuliza kama Bibi yangu alikuwa mkaidi, nawaambia hapana. Mkaidi ni mtu anayeona kosa na kulirudia. Yeye hakuliona. Watoto wake mwenyewe aliwapaka wote. Baba alipakwa, akaishi, akawa mwanamume wa miraba minne. Wengine walipakwa wakafa, lakini miaka ile watoto walikufa kwa surua, kwa kuhara, kwa homa, na hakuna aliyekaa chini akawatenganisha. Alichokuwa nacho Bibi ni mwanawe mmoja aliye hai na udongo uliomtambulisha. Kila mjukuu alipokufa aliongeza bidii. Ndivyo upendo unavyofanya ukikosa habari.

Kwa majirani mambo yakaanza kubadilika. Wapo waliosema Mama amekuja na kitu kutoka kwao. Wapo waliosema ni mimi, kwamba katika nyumba yenye mtu asiyejulikana, Mzee hukasirika na kuchukua wanaojulikana. Bibi alipoyasikia hayo alisimama njiani na fimbo yake, akamwambia mwanamke mmoja kwa Kiswahili ili Mama naye asikie, "Huyu Mgeni ni wangu. Ukimtaja tena kwa mdomo huo, nitakuja kulala kwako nife hukohuko, unizike wewe." Sikuwahi kupendwa hadharani namna ile, kabla ya hapo wala baada yake.

Lakini nilimwona pia akiwa peke yake kaburini, wakati wa kukamua. Alikuwa ameweka kibuyu chini. "Mzee," alimwambia, "nimekukosea nini? Kama ni mimi, nichukue mimi."

Mimba ya tatu ilipokaribia, Mama alimwambia Baba kwamba anataka kujifungulia zahanati. Baba alikuwa amekuja kutoka Kewanja, amekaa kwenye kigoda akijitoa vumbi la mawe masikioni. Kumpeleka mke zahanati maana yake ilikuwa kumwambia mama yake kwamba mikono yake imekataliwa.

"Nenda," akasema mwishowe. "Nitaongea na Mama."

Sijui aliongea nini. Najua tu kwamba asubuhi tulipoondoka Bibi alitupa uji wa ulezi kwenye kibuyu na hakutoka kutusindikiza. Mama alinichukua na mimi, hakutaka kuniacha nyuma.

Mtoto alizaliwa salama. Alikuwa msichana. Nesi alikuwa mama wa makamo, mwenye haraka, na nje ya mlango kulikuwa na wanawake wamejipanga ukutani wakimsubiri.

"Chanjo ya pepopunda ulipata?" alimuuliza Mama.

"Hapana."

"Kliniki hukuja?"

Mama akatazama chini. Nesi akamchoma sindano begani, akasema hii ni ya kukulinda wewe na watoto wa mbele. Kisha akamwonyesha kitovu cha mtoto kwa kidole. "Hapa usiweke kitu. Usiweke samadi, majivu, mate, wala dawa ya mtu yeyote. Kiache kikauke chenyewe. Umesikia, mama?"

"Nimesikia."

Ndiyo yote aliyosema. Simlaumu, foleni ilikuwa ndefu. Lakini mara nyingi nimeirudia dakika ile akilini, nikatamani angeongeza sentensi moja tu. Angesema kwa nini. Aliacha katazo tupu, na tulikokuwa tunarudi kulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa na kaburi na jina.

Tulirudi nyumbani. Bibi alimpokea mtoto kwa vigelegele, akamfunua, akaona kitovu kikavu, kitupu. Alimfunika tena, akamrudishia Mama, akaenda kuchambua mboga. Alikaa hivyo siku ile na siku iliyofuata, anapika, anafua, anamwogesha Mama kwa maji ya moto, hamgusi mtoto.

Sasa hapa ndipo watu hudhani wanajua kilichotokea. Hudhani Bibi alinyemelea Mama alipokwenda mtoni. Haikuwa hivyo. Ingekuwa hivyo, pengine maisha yetu yangekuwa mepesi zaidi, kwa sababu kungekuwa na mtu wa kumchukia.

Ilikuwa mchana. Bibi alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta wa zizi akisafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto. Mama alitoka ndani amembeba mtoto, akatembea mpaka pale, akasimama. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimejificha kwenye kanga yake ili kaburi lisinione.

"Mama," alimwambia Bibi, "mpake."

Bibi aliweka kibuyu chini. "Walisema asipakwe."

"Walisema."

"Na wewe uliitika."

"Niliitika. Lakini wao hawakai hapa, Mama. Mimi ndiye ninayekaa hapa, na huyu ndiye atakayekaa hapa. Mimi nimekuwa wa kuja miaka yote. Mgeni wako ndiye huyo, anapita kwenye miiba. Huyu asiwe hivyo."

Bibi alitazama mikono yake. "Naogopa, mwanangu. Wale wawili niliwapaka."

"Wale ulikwenda peke yako," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefikiri. "Mimi sijawahi kupiga magoti kwa Mzee. Pengine ndilo analolitaka. Leo twende wote."

Walikwenda wote. Mama alipiga magoti mlangoni mwa zizi mara ya kwanza katika ndoa yake. Bibi alimfundisha maneno ya Kikurya, Mama akayakosea, Bibi akacheka huku machozi yakimtoka, akamrudisha tena kwenye neno. Walikwangua kwa pamoja, mikono minne kwenye udongo mmoja. Walichambua vijiwe. Mama ndiye aliyekinga kiganja chenye udongo, Bibi akamimina samli. Na alipokifunika kitovu cha mtoto, Mama alitaja jina alilomchagulia, Bhoke, na Bibi akaitika kwa niaba ya Babu.

Sijawahi kuwaona wawili wale wamekaribiana vile. Walikaa pale mpaka jua likasogea, mabega yamegusana, mtoto kati yao. Ni kumbukumbu nzuri kuliko zote nilizo nazo za nyumbani kwetu, na siwezi kuikumbuka bila kutaka kupiga kelele.

Ya Bhoke sitayaeleza. Yalikuwa yaleyale. Nilifukuza kuku tena.

Baba alikuja kuzika, akarudi Kewanja. Baadaye tulisikia ana mwanamke huko, kisha tukasikia ana mtoto. Hakumfukuza Mama, ila alikuja mara chache, na alipokuja alikaa kama mtu aliyekuja kuona wagonjwa. Mama hakupata mimba tena. Yeye na Bibi walibaki katika boma moja, wakilima shamba moja, na kile Kiswahili chao kichache kikazidi kupungua.

Nilipofika kidato cha tatu nilikuwa nasoma bweni, upande wa Serengeti, Issenye. Siku moja tulipelekwa kusafisha banda la ng'ombe wa shule, nikakanyaga msumari wenye kutu ukapita kwenye kandambili mpaka ndani ya kisigino. Mwalimu wa zamu alinipakia kwenye bodaboda kwenda zahanati. Tabibu aliyenihudumia alikuwa kijana, mpole, na siku hiyo hakuwa na watu wengi. Aliniosha kidonda akaniambia lazima nichomwe sindano ya pepopunda.

"Ni kwa sababu ya kutu?" nikamuuliza. Ndivyo tulivyoambiana bwenini.

"Kutu haina neno. Ni udongo. Umesema ilikuwa bandani?"

"Ndiyo."

"Basi huko ndiko anakokaa huyo bakteria. Yuko tumboni mwa ng'ombe, hamdhuru ng'ombe, anatoka na kinyesi, anakaa ardhini. Ardhi ikikauka hafi. Anajifunga kwenye ganda gumu, analala. Jua haliwezi kumuua, wala mvua. Hata ukimchemsha kwenye maji anaweza kutoka mzima. Anakaa miaka na miaka, hali, hanywi, anasubiri."

"Anasubiri nini?"

"Kidonda. Lakini si kidonda kilicho wazi, hewa inamzuia. Anataka kidonda kilichofungwa, kirefu, kisichopata hewa. Hapo anaamka, anatoa sumu."

Nilimwangalia akifungua sindano. Nikasikia sauti yangu ikimuuliza, "Na mtoto mchanga?"

"Huyo ndiye aliye hatarini zaidi. Kitovu ni kidonda. Watu wanapaka samadi, wanapaka mafuta juu." Akatikisa kichwa. "Mtoto hanyonyi, anakakamaa. Lakini mama akichanjwa mapema akiwa na mimba, mtoto anazaliwa na kinga. Ni kitu kidogo tu."

Ni kitu kidogo tu. Alisema kwa nia njema. Nilikaa kwenye kile kitanda cha zahanati nikauona udongo wa juu, uliokanyagwa asubuhi na jioni. Nikauona udongo wa chini, wa ng'ombe waliokufa zamani, uliokuwa umelala ubavuni mwa Babu na uhai wake ndani. Nikaiona samli ikifunga hewa isiingie. Kitambaa juu ya kitambaa. Kila alichoongeza Bibi kwa huruma kilikuwa ndicho yule mdudu alichokihitaji. Na mimi, Mgeni, niliyeogopewa na wote kwa kuwa sikupakwa, nilikuwa hai kwa sababu hiyohiyo.

Likizo nilifika nyumbani nikiwa nimebeba maneno hayo kama mzigo wa kuni. Mama alikuwa shambani akipalilia mihogo. Nilimsalimu, nikachukua jembe la pili, nikapalilia kando yake, kisha nikamwambia yote, sindano, ganda, samli, yote. Hakusimamisha jembe.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mwaka uleule wa Bhoke. Walikuja watu wa afya pale shuleni wakatukusanya wanawake, wakatuonyesha picha. Mtoto amepinda. Nikamjua." Alilima kidogo. "Walieleza vizuri. Ukisikiliza huwezi kubisha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ili iweje?"

Nikamuuliza habari za Bibi, kama naye anajua.

Ndipo aliposimama akanitazama. "Bibi yako usimwambie. Umenisikia, Ghati? Yule mwanamke amekuwa mama yangu. Anaamini Mzee aliwachukua. Mwache aamini hivyo. Ukimwambia kwamba ni mikono yake..." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na yangu. Kwa Bhoke mimi ndiye niliyekinga kiganja."

Jioni ile nilikwenda kumwamkia Bibi. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu. Alinipapasa uso, akaniuliza, "Mgeni wangu, huko shuleni wanawafundisha nini?"

"Hesabu, Bibi," nikamwambia.

Tukamtunzia siri hiyo, Mama na mimi, miaka yote iliyobaki. Niliona ni rehema. Mpaka alipolala kitandani mara ya mwisho, Baba akaitwa kutoka Kewanja, ndugu wakajaa uani, na wazee wakaanza kupima mahali pa kuchimba, kando ya Babu, kama ilivyo haki ya mke. Bibi akaomba ainuliwe.

"Msinizike kwa yule mzee," akasema.

Baba alidhani hakusikia vizuri. Akainama. "Mama, ni mume wako."

"Alichukua wajukuu wangu watatu. Nilimwomba akakataa. Nilimpelekea mpaka mkwe wangu akapiga magoti, akakataa. Siwezi kulala naye. Nizikeni kokote, hata porini."

Baba alimbembeleza. Wazee walimbembeleza. Mama na mimi tulikuwa tumesimama mlangoni, na sisi peke yetu katika boma lile tulijua kwamba yule mzee hakuchukua mtu. Nilimtazama Mama. Alikuwa amefumba macho. Kama angesema, Bibi angekufa amepatana na mumewe, na angekufa akijua wajukuu wale walikufa kwa mikono yake. Hakusema. Nami sikusema. Bibi alizikwa upande wa pili wa boma, kando ya mkonge, mgongo wake ukielekea zizi, kama alivyoagiza.

Nimejaribu kuamua ni uchungu upi ungekuwa mdogo kwake. Sijaweza. Nilipokuwa kijana nilidhani ujuzi ni kama taa, ukiingia nao nyumbani giza linatoka. Huu ulipofika kwetu ulikuta watoto wameshazikwa, na kazi iliyoubakia ilikuwa kuchagua nani aumie.

Nilipojifungua mwanangu, niko Musoma, Mama alikuja kunilea. Nilikuwa nimechanjwa sindano zote, nimezalia hospitalini, na hakuna kilichowekwa kwenye kitovu. Mama alipika, alifua nepi kwa maji yaliyochemka, alinikanda mgongo. Mtoto alipolia, Mama aliniita mimi nimchukue. Sikulitambua mapema jambo hilo, nilikuwa nimechoka. Kitovu kilipokauka na kudondoka, nilimfungua mtoto nikamwonyesha.

"Mama, kimedondoka. Kimepona kabisa. Mshike."

Alikitazama kwa muda. Alikuwa ametoka kunawa, mikono yake imekunjamana kwa maji. "Kesho," akasema.

Kesho yake nilimpa tena, akasema ana unga mikononi. Siku nyingine akasema ana mafua. Muda wake ulipokwisha alipanda basi kurudi Tarime, na hakuwa amemshika.

Mwanangu yu hai, anasoma, ana miguu ya kukimbia. Najua kuna watakaosema basi, yamekwisha vizuri. Chanjo imemwokoa, na mimi ninaishukuru kila siku. Lakini Mama amezeeka sasa, na akija kwangu mtoto humwamkia shikamoo akiwa amesimama hatua chache mbali naye, kwa sababu ndivyo alivyozoea tangu mdogo na hajui kwamba mabibi wengine hukumbatia. Mama humjibu marahaba, tena kwa upendo, humuuliza habari za shule, humwekea nyama kubwa kwenye sahani. Anapozungumza naye mikono yake huwa ndani ya kanga, ameifumbata, na haitoi nje mpaka mtoto aondoke.